"Nyonga Inaniuma, Nawe Unanipa Mazoezi?"

Alikuja mapema, sijafungua hata dirisha, amejitanda kanga na mkononi ana bahasha ya eksirei. Nitamwita Mama Maandazi kwa kuwa ndiyo kazi yake, na kwa kuwa jina lake halisi si la kuanika hapa. Miaka 52. Nilimwamkia, akaitikia marahaba huku akitafuta namna ya kukaa. Mwishowe akakalia tako moja, la kushoto, lile la kulia akaliacha linaning'inia pembeni mwa kiti. Hajasema neno, nami nimeshajua nusu ya habari.

"Mwanangu, hii nyonga inawaka moto. Mwaka wa pili huu. Usiku ndiyo usiseme."

Alikuwa ameshaambiwa mengi. Huku mifupa imesagika, kule ni baridi yabisi, jirani yake akashikilia ni chango. Alichomwa sindano mara mbili. Ya kwanza ilimtuliza miezi miwili, ya pili wiki tatu. Akaambiwa apumzike, naye akapumzika kwelikweli: sokoni akawa anamtuma mtoto, maji akawa ananunua. Maumivu yakabaki palepale, na juu yake ngazi tatu za barazani kwake zikaanza kumshinda.

Nilipomwambia kwamba tiba yake kubwa ni mazoezi, alinitazama kama niliyemvunjia adabu. Maneno aliyonijibu ndiyo niliyoyaweka juu hapo. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, na swali hilo naulizwa na wanawake karibu kila wiki, kwa hiyo safari hii nalijibu kwa maandishi.

Kwanza tuelewane nyonga ni wapi. Mtu akiniambia nyonga inamuuma simuulizi tena kwa mdomo, namwambia anioneshe kwa mkono. Akishika kinena, yaani pale paja linapokutana na tumbo, na akaniambia kuvaa soksi au kukata kucha za mguu imekuwa shida, nafikiria kiungo chenyewe: huenda gegedu, lile tabaka laini linalofunika ncha za mifupa kiungoni, limelika. Akishika nyuma na maumivu yanashuka hadi chini ya goti yakiwa na ganzi, natazama mgongo. Mama Maandazi aliweka kiganja ubavuni, juu ya ule mfupa unaochomoza pembeni mwa paja, akasema "hapa". Nikabonyeza kwa kidole. Aliruka.

Nikamwomba asimame kwa mguu wa kulia peke yake, kidole kimoja ukutani asiyumbe, nami nikahesabu. Tulifika 11. Mtu ambaye ubavu wa nyonga unamchoma ndani ya sekunde 30 za kusimama hivyo, pale pale alipobonyezwa, kwa kawaida tatizo lake si mfupa. Ni kano, zile kamba ngumu zinazoshikiza msuli kwenye mfupa.

Juu ya ule mfupa zinajishikiza kano za misuli miwili iliyojificha chini ya ule mkubwa wa makalio. Kazi yake watu hawaijui mpaka iharibike. Kila unapopiga hatua kuna nukta ambayo uzito wote uko juu ya mguu mmoja, na nyonga ya upande wa pili ingeanguka kama pazia lililokatika kamba. Misuli hii ndiyo inayoivuta ikae sawa. Ikichoka, mtu anatembea akiyumba kama bata, na daktari Mjerumani Friedrich Trendelenburg aliielezea hali hiyo tangu 1895. Mpaka leo kipimo cha kumsimamisha mtu kwa mguu mmoja tukatazama kama nyonga inaanguka tunakiita kwa jina lake. Katika kusimama kwa mguu mmoja tu, kiungo cha nyonga kinaelemewa na mzigo wa zaidi ya mara mbili ya uzito wa mwili mzima. Mwenye kilo 80 na apige hesabu.

Zamani maumivu haya yaliitwa uvimbe wa bursa, kile kifuko cha majimaji kinachozuia kano isisuguane na mfupa, na ndiyo maana sindano ilionekana jibu la haki. Picha za ultrasaundi na MRI zilipoanza kutumika sana, ikaonekana mara nyingi kano zenyewe ndizo zilizochakaa, na kifuko kikivimba kinavimba pamoja nazo. Eksirei haioneshi kano. Ile bahasha ya Mama Maandazi ilionesha mifupa ya mtu wa miaka 52, basi. Nani asiyesagika kidogo katika umri huo?

Kwa nini wanawake? Wanaume wanaupata pia, lakini kwa uchache, na wanawake wengi ninaowaona wako kati ya miaka 40 na 60. Umbo la nyonga zetu ni sehemu ya jibu. Kukoma kwa hedhi ni sehemu nyingine, maana homoni ya estrojeni ikipungua kano nazo haziachwi salama. Uzito unachangia, sikatai, ila nimechoka na wataalamu wanaompima mwanamke kwa macho, wanamwambia "punguza unene" na kumfungulia mlango atoke. Apunguze vipi na kutembea hakutembeleki?

Lakini kuna jambo jingine, na hili ndilo ninalotumia nalo muda mrefu kuliko mazoezi yenyewe. Kano ile haipendi kubanwa. Paja likivuka kuelekea ndani, kwenye mguu wa pili, kano inabanwa juu ya mfupa kama nguo iliyonaswa mlangoni. Sasa tazama tunavyolelewa. Msichana anafundishwa tangu mdogo kukaa mkekani miguu imekunjwa upande mmoja, magoti yamefunikwa. Msibani ndivyo tunavyokaa, masaa mawili, matatu. Kwenye bodaboda wengi wetu tunapanda upande, mapaja yamebanana na kiuno kimepinda. Mtoto tunamweka ubavuni, nyonga tumeisukuma nje iwe kiti chake, mkono mwingine unakoroga uji. Hata kusimama foleni ya daladala, mwanamke anaegemea nyonga moja, kisha nyingine.

Nilimwomba Mama Maandazi anioneshe anavyokaa akichoma maandazi. Nikavuta kigoda, akakaa, magoti akayabananisha na kuyapeleka yote kushoto. "Moto wa jiko mwanangu, utayaweka wapi?" Kuanzia saa kumi alfajiri hadi saa moja, kila siku, miaka 19. Nyonga ya kulia imekunjwa na kuvutwa ndani muda wote huo. Sindano gani itashindana na hilo?

Kwa hiyo siku ya kwanza hatukufanya zoezi lolote la maana. Tulihamisha jiko. Kijana wake alilipandisha juu ya matofali, yeye akapata stuli ndefu ya kumwezesha kuweka miguu wazi na magoti chini ya usawa wa nyonga, na kila akimaliza karai moja anasimama. Kulala, nilimkataza upande unaouma, na upande mzima nikamwekea sharti: mito miwili katikati ya mapaja, kuanzia gotini hadi kwenye kifundo, ili mguu wa juu usidondoke mbele. Akiweza chali, mto chini ya magoti. Bodaboda apande kwa kutanua miguu, avae suruali ndani ya dera. Alicheka sana, kisha akauliza suruali za mpira zinauzwa wapi. Kwenye swala, kile kikao cha tahiyatu kilikuwa kinamtesa, akaenda kumuuliza ustadhi wake, akaruhusiwa kuswali kwenye kiti mpaka apate nafuu. Kukandwa maji ya moto sikumnyima, kunafariji. Ila yule anayemkanda kwa kisigino cha mkono juu ya mfupa aache. Na lile zoezi la kunyoosha ambalo mtu analala chali na kuvuta goti lipite upande wa pili, ambalo kila mtu mtandaoni analipigia debe, kwa kano hii ni kuibana zaidi.

Ndipo mazoezi. Kano hujengeka kwa mzigo, na bila mzigo inadhoofika. Ndiyo maana mapumziko ya mwaka mzima yalimwacha dhaifu kuliko yalivyomkuta. Hila iko kwenye kipimo cha mzigo.

Tulianza chini kabisa. Alale chali, magoti yamekunjwa, kitambaa kimezungushwa mapajani juu kidogo ya magoti, kisha asukume mapaja nje taratibu bila kuyaacha yasogee, ashikilie nikihesabu hadi 15, aachie. Mara 5, asubuhi na jioni. Mikanda ya mpira ilikuwa imeniishia siku hiyo, nikampa kanga yangu, na kanga ikafanya kazi vizuri kwa sababu haivutiki. Ilikuwa imeandikwa "Haraka haraka haina baraka", na kila alipoanza kuharakisha nilimwambia aisome.

Wiki ya pili tukaongeza kuinua makalio kutoka mkekani, miguu yote miwili, mara 10, kwa mwendo wa mtu anayenyanyua sufuria iliyojaa mchuzi. Tukaongeza kukaa na kuinuka kitini bila kushika: sekunde 3 kushuka, sekunde 3 kupanda, magoti yasigongane. Hapo ndipo wengi wanapokosea, goti linaanguka ndani na makalio hayafanyi kazi. Nilimweka mbele ya kioo. Wiki ya nne akaanza kupeleka uzito zaidi upande wa kulia anapoinua makalio. Wiki ya sita kutembea kwa upande kama kaa, hatua fupi, magoti yamelegezwa, sasa akiwa na mkanda wa mpira, kisha kupanda kingazi kimoja na kushuka polepole. Kupanda ngazi tatu za barazani kwake likawa zoezi lenyewe.

Na maumivu? Yatakuwepo, na hili lazima lisemwe kabla, ama mtu ataacha siku ya tatu. Katika kipimo cha 0 hadi 10, maumivu ya 4 au 5 wakati wa zoezi nayakubali, mradi yatulie baadaye. Hakimu wangu ni usiku na asubuhi inayofuata. Usiku ukiwa mbaya kuliko wa jana, tumezidisha, tunapunguza, hatuachi. Wiki ya tatu Mama Maandazi alikuwa na harusi, akacheza mpaka saa nane usiku, kesho yake akanipigia simu akilia kwamba nimemuua. Tukarudi kwenye kanga siku 4, kisha tukaendelea.

Haya si mambo niliyoyatunga mimi. Mwaka 2018 BMJ, jarida la kitabibu la Uingereza, lilichapisha utafiti uliofanyika Australia, Brisbane na Melbourne, kwa watu 204 wa miaka 35 hadi 70 wenye ugonjwa huu, wanane kati ya kila kumi wakiwa wanawake. Kundi moja lilipewa maelekezo na mazoezi, mara 14 kwa mtaalamu ndani ya wiki 8 na mengine nyumbani. Kundi jingine sindano moja ya steroidi, dawa ya kupoza uvimbe. La tatu likaambiwa lisubiri. Baada ya wiki 8, waliosema wamepata nafuu ya maana walikuwa 77 kwa kila 100 kwenye mazoezi, 58 kwenye sindano, 29 kwa waliosubiri. Mwaka ulipotimia, wa mazoezi bado walikuwa karibu wanne kati ya watano, wa sindano kidogo zaidi ya nusu. Niwe mkweli: ukali wa maumivu peke yake, baada ya mwaka, haukutofautiana kati ya sindano na mazoezi. Kwa hiyo sindano siitukani. Kuna mwanamke ambaye halali kabisa, na sindano moja inampa mlango wa kuanzia. Kinachonikera ni ya tatu na ya nne bila mtu kumuuliza anakaaje.

Usianze haya kama nyonga imeanza kuuma baada ya kuanguka na mguu haubebi uzito, hasa kwa bibi zetu. Wala kama kuna homa, jasho la usiku au kukonda bila sababu, maana kifua kikuu nacho hukaa kwenye nyonga. Binti mwenye selimundu mwenye maumivu ya kinena aende hospitali akapigwe picha, kwani kichwa cha mfupa wa paja kinaweza kuwa kinakosa damu. Vivyo hivyo aliyetumia vidonge vya steroidi muda mrefu, au aliyewahi kuwa na saratani.

Mama Maandazi alikuja kwangu wiki 12. Nilipompima tena kwa mguu wa kulia tulifika 30 na akaniuliza naendelea kuhesabu nini. Usiku analala, ingawa akijigeuza vibaya inamchoma kidogo. Mkekani msibani bado haijawezekana. Anakaa kwenye kiti cha plastiki na wazee wa kike wanamtania kwamba amekuwa mgeni rasmi. Mazoezi amebakiza matatu, mara tatu kwa wiki, anayafanya maandazi yakiwa yanaumuka. Kanga yangu hajairudisha.