Kikombe chenye pengo: mkataba wa Belle mbele ya macho ya wakili

Jumamosi iliyopita mvua ilitufungia ndani hapa Kisasa tangu saa kumi jioni. Mtoto wa kaka yangu, anayesoma sheria mwaka wa kwanza Chuo Kikuu cha Dodoma, alikuwa amekuja na daftari lake la mikataba kwa sababu wiki hii ana jaribio. Tulisoma saa moja, akachoka. Akaniomba tutazame kitu. Nikamfungulia sehemu ya 12 ya msimu wa kwanza wa Once Upon a Time, iitwayo Skin Deep, nikamwambia aendelee kushika kalamu.

Tamthilia hii ilianza kurushwa na ABC ya Marekani Oktoba 2011 na ikamalizika Mei 2018 baada ya misimu 7. Wahusika wa hadithi za kale, Snow White na wenzake, wametupwa na laana kwenye mji mdogo wa Storybrooke, karibu wote wamesahau wao ni nani, na kila sehemu inatupeleka huku na huko kati ya mji huo na nchi yao ya zamani. Skin Deep ilirushwa tarehe 12 Februari 2012, siku mbili kabla ya Siku ya Wapendanao, na mambo ya Storybrooke ndani yake yanatokea siku hizo hizo. Niliitazama mara ya kwanza nikiwa wakili mchanga, nikalia kama walivyolia wengi. Safari hii niliitazama nikiwa na miaka ya kutosha ya kusoma mikataba ya watu waliokwisha kuumia, na nikaona kitu ambacho mara ya kwanza kilinipita.

Tuanze na makubaliano yenyewe. Mazimwi yanakaribia mji wa Sir Maurice, askari wameshindwa. Maurice anamwita Rumplestiltskin, mchawi anayeishi kwa kuwekeana watu mikataba, na anamwahidi dhahabu. Mchawi anacheka, kwa kuwa dhahabu anaisokota mwenyewe. Anachotaka ni Belle, binti wa Maurice, aende kumtunzia ngome yake milele. Baba anakataa. Mchumba, Gaston, anakataa. Belle anawanyamazisha wote wawili: uamuzi juu ya maisha yake ni wake. Anamuuliza mchawi kama ndugu na rafiki zake watapona, anapewa neno, naye anatoa lake.

Hapo nikasimamisha picha. "Haya mama, kifungu cha 10."

Akanijibu bila kufungua daftari. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, inasema makubaliano huwa mkataba yakifanywa kwa ridhaa huru, na watu wenye uwezo wa kuingia mkataba, kwa malipo halali na kwa lengo halali. Sheria hii ilitungwa mwaka 1961 kwa kufuata kwa karibu sana Sheria ya Mikataba ya India ya 1872, na vifungu vingi vya msingi vimebaki na namba zile zile, ndiyo maana mawakili wetu wanasoma hukumu za India bila kupotea.

"Lakini Shangazi, ridhaa ipo," akasema. "Amesema mwenyewe mbele ya baba yake. Hakuna aliyemshika mkono."

Ni kweli hakushikwa mkono. Na mazimwi hayakuletwa na mchawi. Mara ya kwanza nami niliishia hapo, nikaona msichana jasiri aliyeamua. Leo siwezi kuishia hapo, na sababu ni mzee mmoja wa wilaya ya Chamwino. Nitamsimulia kwa kubadilisha mambo kadhaa ili asitambulike.

Mzee huyu ana ekari mbili za zabibu. Mke wake alilazwa, dawa zikahitajika usiku ule ule, na mtu mwenye fedha kijijini akampa. Palepale akatolewa karatasi, akabonyeza dole gumba. Aliamini ni karatasi ya kukiri deni. Miezi ilipita, mkopeshaji akafika shambani na vibarua wa kupogoa, na hapo ndipo kijana wa mzee alipoisoma ile karatasi: ilikuwa hati ya mauziano. Bei ya ekari mbili ilikuwa sawasawa na fedha za dawa. Mzee aliniletea ndani ya bahasha ya khaki, imekunjwa mara nne, na maneno yake ya kwanza kwangu yalikuwa ya kumtetea yule mtu. "Mwanangu, ugonjwa hakuuleta yeye."

Sheria inalijua jambo hili. Kifungu cha 16 kinaeleza shinikizo la mtu aliye juu ya mwenzake: uhusiano wao ni wa aina ambayo mmoja anaweza kuitawala nia ya mwingine, na anaitumia nafasi hiyo kujipatia faida isiyo ya haki. Kifungu kinataja waziwazi mtu ambaye uwezo wa akili yake umeathirika, hata kwa muda tu, kwa uzee, kwa ugonjwa au kwa dhiki ya akili au ya mwili. Hakimtaki mkopeshaji awe ndiye aliyeleta dhiki. Kinauliza alifanya nini alipoikuta. Na kifungu kidogo cha 3 kinageuza mzigo: makubaliano yakionekana kwa sura yake kuwa ya kinyama, aliye juu ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba hakuitumia nafasi yake vibaya. Katika vifungu vyote nilivyofundishwa, hicho ndicho ninachokipenda zaidi, kwa sababu kinamwambia mwenye nguvu aanze yeye kujieleza.

Belle yuko hapo hapo. Mji mzima unakaribia kuliwa, na mtu mmoja tu duniani ana uwezo wa kuuokoa, na mtu huyo anataja bei. Ujasiri wake ni wa kweli, na bado ridhaa yake haikuwa huru. Mambo haya mawili yanakaa pamoja, na mahakamani nimeona hakimu akihangaika kuyatenganisha kwa sababu tu mlalamikaji alizungumza kwa kujiamini.

Mtoto akaniambia basi mkataba unaweza kubatilishwa, na mwenye hiari ya kuubatilisha ni Belle. Mimi naenda mbali zaidi. Utumishi wa maisha bila mwisho wala ujira, usiku wa kwanza unafungiwa kwenye chumba cha gereza na kuambiwa ndicho chako, huo hauwezi kuwa mkataba hata kwa sekunde moja. Ibara ya 25 ya Katiba yetu inakataza kazi ya shuruti, na kifungu cha 23 cha Sheria ya Mikataba kinayafanya makubaliano yenye lengo linalopingana na sheria au na maslahi ya umma kuwa batili tangu mwanzo. Tulibishana hadi chai ikapoa. Hakukubali, na sikumlazimisha. Hoja yake ina mantiki na mtihani wake unaweza kuipenda.

Nipite haraka kwenye sehemu ya katikati, mnaijua. Belle anaangusha kikombe cha chai kwa kushtushwa na utani wa mchawi, kinapata pengo ukingoni. Anaomba radhi, anaambiwa ni kikombe tu. Anapanda ngazi kufungua mapazia yaliyopigiliwa misumari, anaanguka, mchawi anamdaka, na jua linaingia ndani ya nyumba ile. Robert Carlyle, anayemwigiza mchawi, anaicheza dakika hiyo kwa mikono zaidi ya uso, mikono isiyojua iuweke wapi mwili wa mtu ambaye hajamwomba kitu.

Kisha mchawi anamtuma mjini kununua majani makavu ya kusokotea dhahabu. Anamwachia kabisa, na anaonekana wazi hatarajii kumwona tena. Kwa mujibu wa mtoto wa kaka yangu, hapo mkataba umesamehewa. Kwa mujibu wangu, haukuwahi kuwepo. Njia zote mbili zinatufikisha mahali pamoja: msichana yuko barabarani, huru, hadaiwi na mtu yeyote. Anakutana na Malkia Regina, anayemweleza kwamba busu la pendo la kweli linaweza kuvunja laana yoyote. Na anarudi. Kapu la majani mkononi, kwa miguu yake. Hiyo ndiyo ridhaa huru ya kwanza katika hadithi nzima.

Anambusu. Ngozi ya mchawi inaanza kurudi kuwa ya binadamu. Na yeye anaruka, anarudi nyuma, anataka kujua nani kamwambia hayo. Akilini mwake tayari ameshamwona Malkia nyuma yake, ameshaona mpango, ameshaona malipo yaliyofichwa mahali fulani.

Hili ndilo lililonipita mara ya kwanza. Nilidhani anaogopa kupoteza uchawi, na mwenyewe anadai hivyo, kwamba nguvu zake zina thamani kuliko Belle. Belle hamwamini, na mimi safari hii nimesimama upande wa Belle. Huyu ni mtu ambaye kwa miaka mingi hajapokea kitu bila kutoa kitu. Nipe nikupe ndiyo lugha yake peke yake. Ukimletea kitu kisicho na upande wa pili, anafanya kile ambacho kila mtu wa mikataba hufanya akiona karatasi yenye upande mmoja: anatafuta kilichofichwa. Mimi pia hufanya hivyo. Mteja akija na hati inayosema fulani amempa kiwanja bure, swali langu la kwanza ni kwa nini.

Lakini hata sheria, ambayo haina moyo laini, imeacha mlango. Kifungu cha 25 kinasema makubaliano yasiyo na malipo ni batili, halafu hapo hapo kinaweka mambo yanayosalimika. La kwanza kabisa katika orodha hiyo ni makubaliano yaliyoandikwa na kusajiliwa, yaliyofanywa kwa sababu ya upendo wa asili kati ya watu walio na uhusiano wa karibu. Neno upendo limo ndani ya Sheria ya Mikataba. Watunga sheria walijua kuna siku mtu atatoa bila kudai, na wakaona mahakama isimcheke. Nilimsomea mtoto kifungu hicho mara mbili.

Huku Storybrooke mchawi ni Bwana Gold, mwenye duka la rehani, na tunamkuta akimnyang'anya Moe French gari lake la maua kwa deni, maua yakiwa yamejaa ndani, kesho yake ikiwa Siku ya Wapendanao. Hapo mtu wa Dodoma hahitaji tafsiri. Mikopo ya kausha damu tunaishi nayo: kadi ya benki ya mwalimu inabaki kwa mkopeshaji pamoja na namba ya siri, mshahara ukiingia yeye ndiye wa kwanza kuutoa, na kinachobaki hakitoshi mwezi, kwa hiyo anakopa tena pale pale. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, kukopesha watu kama biashara kunahitaji leseni. Ukiombwa kadi na namba ya siri, tafadhali ondoka. Ukiwa umeshatoa, njoo kwa wakili au nenda kwenye msaada wa kisheria kabla ya mshahara unaofuata, usisubiri aibu iishe.

Sasa tukio la mwisho la Gold, ambalo nilimrudishia mtoto mara tatu. Amekamatwa na Emma Swan, sherifu wa mji, kwa kumpiga Moe kwa fimbo, yuko ndani ya nondo. Regina anakuja ameshika kile kikombe chenye pengo, kilichoibiwa nyumbani kwa Gold. Anataka jambo moja tu: jina la kweli la Gold. Katika hadithi ya kale iliyokusanywa na ndugu Grimm, jina ndilo lililokuwa siri ya kiumbe huyu, na lilipotajwa akashindwa. Hapa analitoa mwenyewe, kwa kubadilishana na kikombe ambacho sokoni Majengo hakuna ambaye angekichukua hata kwa shilingi mia.

"Malipo hayalingani," akasema mtoto.

Kutolingana peke yake hakuvunji mkataba. Maelezo ya kifungu hicho hicho cha 25 yanasema hivyo, ila yanaongeza kwamba mahakama inaweza kuangalia kutolingana huko inapotafuta kujua kama ridhaa ilikuwa huru. Mtazame basi. Mtu kafungiwa, kitu pekee kilichobaki cha mtu aliyempenda kiko mikononi mwa mwenzake, na mwenzake anataja bei. Maurice aliketi hapo hapo. Mzee wangu alisimama hapo hapo, kwenye korido ya hospitali. Na Gold anasema jina lake polepole, anapokea kikombe kwa mikono miwili.

Regina ndiye aliyemwambia zamani kwamba Belle amekufa, kwamba baba yake alimkataa na kumfungia, akajirusha kutoka mnarani. Picha ya mwisho inatuonyesha Belle yu hai, amefungwa kwenye chumba chini ya hospitali ya Storybrooke. Mtoto wa kaka yangu akaandika pembeni ya daftari: kifungu cha 17, udanganyifu. Nikamwambia aweke alama ya kuuliza, kwa sababu Regina aliposema uongo huo hakukuwa na mkataba mezani. Akaifuta, akaandika upya, akaomba sehemu ya 13.

Shauri la mzee liko Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Hoja zangu za maandishi nimezimaliza Jumapili usiku, na kifungu cha 16(3) nimekihamisha kutoka ukurasa wa tano, nimekiweka wa kwanza.