P0011 kwenye Mashine: Kabla ya Kununua Valvu, Anza na Oili

Malalamiko yanayotufikia yanafanana. Mwenye Toyota IST au Premio yenye injini ya 1NZ-FE amewakiwa taa ya injini, mashine ya kupimia gari imesoma kodi (namba ya hitilafu) P0011, valvu ya oili ya VVT-i, mfumo unaowahisha au kuchelewesha kufunguka kwa valvu za injini, imebadilishwa, kisha taa imerudi. Tunaamini mafundi wengi wana nia njema. Lakini P0011 inaeleza tu kwamba kamshafti (shafti inayofungua valvu) ya valvu za kuingiza hewa imewahi kuliko kompyuta ilivyoamuru. Anayeisoma kama jina la spea anajitafutia hasara. P0012 ni kuchelewa. P0010 ni hitilafu ya umeme wa valvu ya oili.

Usifute kodi hizo kwanza. Andika kodi zote, pamoja na takwimu zilizohifadhiwa hitilafu ilipotokea: mzunguko wa injini, joto la maji, mwendo wa gari. Ukifuta, takwimu hizo zinapotea na ukaguzi unaanza upya. Na hapana, kuchomoa betri si matengenezo.

Kisha chomoa stiki ya oili. Mfumo wa VVT-i unasukumwa na presha ya oili, hivyo oili pungufu, iliyogeuka tope, au nzito kuliko kitabu cha gari kinavyoelekeza inatosha kuwasha taa. Ukibadilisha oili na filta yake, 1NZ-FE inachukua takriban lita 3.7. Oili chafu isimwagwe mtaroni: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inakataza kuchafua mazingira, na kisingizio cha "gereji zote zinamwaga" hakimwondolei mtu kosa.

Valvu ya oili yenyewe ipimwe ikiwa baridi. Kwenye nyuzi 20 za Selsiasi, ukinzani wake uwe kati ya omu 6.9 na 7.9. Halafu washa injini, ipate moto, iache silensa (bila kukanyaga mafuta) na uchomoe soketi ya valvu: mlio usibadilike. Ipe valvu volti 12 za betri kwa muda mfupi, waya zisigusane. Injini ikitetemeka au kuzima, wengi hushtuka na kuilaani valvu, kumbe hiyo ndiyo dalili kwamba oili imepita na kamshafti imesogea. Wasiwasi uje pale isipobadilika chochote.

Hapo ndipo ufungue boliti ya filta ndogo ya valvu hiyo, kwenye silinda hedi. Ni wavu mdogo ambao hausahauliki ila na fundi mwenye haraka. Usafishe, utoe valvu, uangalie kama pistoni yake imekwama kwa tope au chembe za chuma. Ukirudisha, weka ringi mpya ya mpira.

Kama P0016 imesomeka pia, kamshafti na krankshafti (shafti inayozungushwa na pistoni za injini) hazikubaliani. Valvu mpya haitasaidia cheni ya taimingi, inayounganisha shafti hizo, iliyolegea au kuruka jino. Gari lisiendeshwe mpaka alama za taimingi zikaguliwe, maana cheni ikiruka zaidi, pistoni za injini zinaweza kugonga valvu zake.