Venturi haivuti mbolea? Si lazima iwe feki

"Fundi, ile venturi ni feki, haivuti." Simu za namna hii napigiwa kutoka Kasese, Mubende mpaka Kapchorwa, na nimechoka nazo.

Ndugu zangu, venturi, kile kifaa cha kuvuta mbolea ya maji na kuiingiza kwenye bomba la umwagiliaji, si pampu. Haina mota. Inategemea tofauti ya presha: maji yakiingia na presha ya baa 2 (baa ni kipimo cha presha), yatoke na 1.4 hivi. Yakipita kwa kasi kwenye ile shingo nyembamba, presha pale inashuka chini ya ya hewa na mbolea inavutwa. Presha ikilingana pande zote mbili, hata uisomee dua haivuti tone.

Unamkuta mtu ana tangi juu ya mnara wa mita 3, analalamika. Kimo cha mita 10 ndicho hutoa baa 1, kwa hiyo yeye ana baa 0.3 tu, na hiyo hiyo isukume maji kwenye laini za dripu, yaani za umwagiliaji wa matone! Huyo namwambia ayeyushe mbolea ndani ya tangi, venturi aiache dukani.

Mwingine ana pampu nzuri, ila venturi kaiweka kwenye tawi la pembeni na bomba kuu kaliacha wazi. Maji yatapita palipo rahisi. Weka valvu kwenye bomba kuu, kati ya tawi la kuingia na la kutoka, uibane polepole ukitazama mpira wa kufyonzea. Mbolea ikianza kupanda bila mapovu, acha hapo. Weka geji mbili za presha, kabla na baada ya venturi. Watu wananunua simu za kupigia picha nyanya, geji wanaiona ghali! Na wenye pampu za sola, wingu likitanda presha hushuka, mvuto hukatika.

Eti mbolea yoyote inafaa? Urea sawa. CAN (kalsiamu amonia naitreti) ya gunia ina unga wa chokaa usioyeyuka, utaishia kwenye dripa, vile vitundu vya kutolea matone. Kalsiamu naitreti usiichanganye pipa moja na mbolea za fosfati au salfeti, zitagandiana.

Kichujio cha pampuni hakitoshi, weka kingine baada ya mahali mbolea inapoingilia. Anza na maji matupu, malizia na maji matupu.

Wengine husema valvu ya kuzuia maji kurudi ni anasa. Pampu ikizimika ghafla, mbolea inaweza kurudi kisimani, na naitreti kwenye maji ya mtoto mchanga ni hatari. Kisima kikiwa cha kunywa, bila valvu hiyo mimi sifungi kitu.