Kuziba pengo la fuvu: mfupa wako mwenyewe, akriliki, titani au PEEK?

Mgonjwa aliyeondolewa kipande cha fuvu akiinuka kitandani, mara nyingi utaona ngozi ya upande ule imebonyea ndani. Wengine huumwa kichwa wakisimama, huwa wazito wa kufikiri, au mkono uliokuwa dhaifu huzidi kulegea. Baadhi yao hupata nafuu pengo likishazibwa. Kwa hiyo upasuaji huu haufanywi kwa ajili ya sura peke yake.

Nyenzo ya kwanza kuifikiria ni mfupa wa mgonjwa mwenyewe, uliotolewa ili ubongo uliovimba kwa ajali au kiharusi upate nafasi. Huhifadhiwa kwenye friza, kwa kawaida nyuzi 80 chini ya sifuri, au hushonewa chini ya ngozi ya tumbo lake. Ukirudishwa hukaa barabara mahali pake. Tatizo ni kwamba mwili unaweza kuula polepole hadi ukalegea, na hili huwapata watoto zaidi. Mfupa uliosagikasagika, au ulioingiwa na usaha au saratani, haurudishwi.

Akriliki, aina ya plastiki, ni ya bei nafuu. Unga na kimiminika chake vikichanganywa hupata ulaini wa donge la unga, nasi huifinyanga kufuata umbo la kichwa. Inapoganda hutoa joto kali, hivyo ikifinyangwa juu ya jeraha tunaimwagia maji baridi ya chumvi mfululizo ili kuukinga ubongo. Haiungani na mfupa, na pigo zito huweza kuipasua.

Titani ni metali imara isiyoshika kutu. Wagonjwa huogopa kwamba sumaku ya MRI, mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili, itaivuta, lakini haivutwi. Ila huacha vivuli kwenye picha, na kwa mtu aliyetolewa uvimbe, ambaye tutampiga picha miaka mingi, hilo lina uzito.

PEEK, plastiki ngumu inayokaribia mfupa kwa unyumbufu, haina vivuli hivyo. Hutengenezwa kwa vipimo vya picha ya CT (eksirei ya tabaka kwa tabaka) ya mgonjwa, basi hutua kama kifuniko na chungu chake. Ni ghali, na nayo haishikamani na mfupa. Haidroksiapataiti, yenye madini kama ya mfupa, hushikamana, lakini ni rahisi kuvunjika.

Mimi huanza kwa kuipapasa ngozi. Ikiwa nyembamba, yenye makovu au iliyopigwa mionzi, hata kipande cha bei kubwa kinaweza kutokeza nje, na ukingo wa titani una sifa hiyo. Kwa mtoto mdogo nawaeleza wazazi mapema kwamba fuvu litakua ilhali kipande hakikui.

Kidonda kikianza kutoa majimaji, hata miezi kadhaa baada ya kupona, rudi hospitali siku hiyohiyo. Bakteria wakishajishika kwenye kipande, dawa peke yake mara nyingi haitoshi, na hulazimu kukitoa.