Je, wajua? Mtoto anaweza kumaliza mchezo wa kuandika programu bila kujua kuandika programu

Mtoto akishamaliza hatua zote za mchezo wa kumwongoza roboti kwa amri (songa mbele, geuka, rudia mara tatu), wengi huamini kuwa tayari ameonja uandishi wa programu. Hata baadhi ya watafiti huhesabu hatua alizovuka kama kipimo cha alichojifunza. Hapo ndipo mambo huenda kombo.

Michezo mingi ya aina hii humpa mchezaji amri zile tu zinazohitajika katika hatua aliyopo. Tuseme amri ni tatu, na nafasi za kuzipanga ni tano. Mipangilio ya kujaza nafasi zote ni 243, na mingi huonekana haifai mapema sana: roboti hugonga ukuta papo hapo. Mtoto anabadilisha amri moja, anabonyeza tena. Ni kama mtu aliyekabidhiwa shada la funguo mbele ya mlango uliofungwa. Mlango utafunguka, pengine upesi, lakini kuhusu kufuli hajajua lolote. Ajabu ni kwamba kinachoufanya mchezo upendeze, yaani majibu ya haraka na kukosea bila hasara, ndicho kinachomwezesha mtoto kushinda bila kufikiri mbele. Kwenye programu halisi ukurasa huanza ukiwa mtupu, na kosa linaweza kujificha kimya kwa miezi.

Hayo hayathibitishi kwamba michezo haifundishi. Yanathibitisha tu kwamba kushinda si ushahidi.

Matumaini kwamba kuandika programu kutamnoa mtoto ni ya zamani. Logo, lugha ya kuandikia programu ambayo baadaye ilisifika kwa kobe wake anayechora kwa amri, ilianza mwaka 1967, na mmoja wa waasisi wake, Seymour Papert, alitarajia ingewanoa watoto kifikra hata nje ya kompyuta. Mwaka 1984 watafiti Roy Pea na Midian Kurland wa New York walichapisha matokeo ya kupoza moyo: watoto waliotumia Logo kwa mwaka mzima, walipopewa kazi ya kupanga shughuli za usafi wa darasa, hawakuwapita wenzao wasioijua.

Lakini mwaka 2019 Ronny Scherer na wenzake walijumlisha tafiti 105 kuhusu kujifunza programu kwa jumla, si kwa michezo peke yake, na wakakuta faida ya wastani. Ilikuwa kubwa zaidi katika stadi za programu zenyewe kuliko katika mambo ya mbali, kama hisabati au ubunifu. Faida hiyo ilipungua pale kundi la kulinganishwa lilipofundishwa kitu kingine badala ya kuachwa bila somo lolote. Kwa hiyo sehemu ya sifa huenda ni ya kupata somo tu, lolote lile, au ya mvuto wa kitu kipya, ambao utafiti wa wiki chache hauwezi kuutenganisha na kujifunza.

Kipimo kigumu zaidi hakihitaji roboti. Mtoto huonyeshwa programu ambayo hajaiona, aeleze itafanya nini kabla haijaendeshwa, kisha hupewa nyingine yenye kosa airekebishe. Kitufe cha kujaribu hakipo.