Turbo haiui injini, ila kuifunga bila kubadilisha kitu kingine ndio kunaiua

Kuna kitu nasikia kila nikipita Kisekka, soko la vipuri vya magari hapa Kampala, eti ukifunga turbo kwa injini ya kawaida ya silinda nne lazima ife, turbo ina nguvu sana inapasua pistoni. Hapana jamani, sio hivyo.

Turbo kazi yake ni kusukuma hewa tu, moshi wa ekzosi unazungusha gurudumu moja na lile la upande wa pili linashindilia hewa kwa silinda. Hewa ikizidi, petroli nayo lazima iongezeke, na hapo ndio shida iko, injekta za kiwandani (zile zinazonyunyiza petroli) na kompyuta ya gari hazijui kuna turbo.

Chukua injini ya 1NZ-FE ya Toyota Vitz, kompreshoni yake, yaani kiasi silinda inavyobana mchanganyiko wa hewa na petroli, ni 10.5 kwa 1, wakati injini ya 3S-GTE ambayo Toyota yenyewe iliijenga na turbo iko karibu 8.5. Hio ya Vitz ukiipa presha nyingi bila petroli ya kutosha na bila kurudisha nyuma taimingi (wakati plagi inapotoa cheche), mchanganyiko unajilipukia wenyewe kabla ya wakati wake, unasikia kakaka kama misumari ndani ya mkebe, na pistoni inaanza kumegeka pembeni karibu na ringi.

Kwa hivyo presha ndogo, tuseme 5 au 6 psi (kipimo cha presha), injekta kubwa, interkula ya kupoza hewa na fundi anayejua kutyuni kompyuta, injini inaishi vizuri tu. Na oili safi tafadhali, shafti ya turbo inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika na inaelea juu ya hio oili.