Hakuna folda inayoitwa "bidhaa"

Juzi tena. Mteja kaingia kwenye seva kwa FTP (njia ya kupekua na kuhamisha faili za seva), kapekua weee, kisha akanitumia ujumbe kwa herufi kubwa: FOLDA YA BIDHAA HAIPO, NANI KAIFUTA? Wakati huohuo tovuti inadunda, /bidhaa/42 inafunguka, watu wananunua. Bosi wangu, hakuna aliyefuta kitu. Folda hiyo haijawahi kuwepo.

Imani hii ina asili yake, siwezi kuiita ujinga. Seva za wavuti za mwanzo zilifanya hivyo hasa: mzizi uko /var/www, mtu anaomba /picha/paka.jpg, seva inaunganisha vipande viwili na kwenda kusoma faili kwenye diski. Apache, programu ya seva ya wavuti, inafanya hivyo hadi leo usipoiambia vingine, na lugha ya PHP imelea kizazi kizima kwa mawasiliano.php na kuhusu.php. Mwaka 1996 Ralf Engelschall akaandika mod_rewrite, kiongezo cha Apache, anwani zikaanza kugeuzwa kabla ya kufika kwenye diski, na faili za mipangilio za .htaccess zikajaa mistari ambayo hakuna anayethubutu kuigusa. Baadaye Rails, Django na fremuweki wenzao (mifumo ya kujengea tovuti) wakamalizia: maombi yote yanapita mlango mmoja, na ndani kuna orodha ya ruti. Ruti ni kanuni tu: anwani ya umbo hili, ikija kwa GET (ombi la kusoma tu), iite fanksheni ile.

Basi, hilo limeeleweka. Kinachonitoa jasho ni yule aliyekwisha kukubali yote hayo, halafu anaichukulia orodha ya ruti kama kamusi: unatafuta neno, lipo au halipo. Thubutu! Tazama hizi mbili:

/bidhaa/:id
/bidhaa/mpya

Ukiziandika hivyo kwenye Express, fremuweki ya JavaScript, kwa mpangilio huo, ombi la /bidhaa/mpya linaishia kwenye ruti ya kwanza. Yenyewe haijui kwamba "mpya" si namba ya bidhaa. Imeona kipande baada ya mkwaju, imekiita id, imeridhika. Fanksheni inalibeba neno hilo hadi kwenye hifadhidata, tuseme ni Postgres, nayo inakataa kwa sababu ilitegemea namba, na kijana wa watu anashinda kutwa akikagua majedwali. Majedwali hayana kosa hata moja. Pandisha mstari wa pili uwe wa kwanza, ukalale.

Django nayo husoma kutoka juu kwenda chini na kuchukua ya kwanza inayolingana, ila ukiandika <int:id>, yaani namba kamili tu, neno "mpya" halipenyi, linashuka hadi ruti inayofuata. Lugha ya Go, tangu toleo la 1.22 la Februari 2024, haijali mpangilio kabisa: ruti iliyo mahususi zaidi ndiyo inayoshinda, na mbili zikigongana bila mshindi, programu inagoma kuwaka. Mimi hiyo naipenda, bora kelele wakati wa kuwasha kuliko ukimya mbele ya wateja. Kwa hiyo mtu akikwambia "ruti hufanya kazi hivi" bila kutaja fremuweki, muulize anazungumzia ipi.

Haraka haraka: kilicho baada ya alama ya # hakifiki kwenye seva, acha kukitafuta kwenye logi. Kilicho baada ya ? kinafika, lakini kwa kawaida hakitumiki kuchagua ruti. Na anwani ikiwepo ila umeiita kwa POST (ombi la kutuma data) wakati inapokea GET tu, jibu sahihi ni 405 (njia hairuhusiwi), si 404 (haipo).

Sasa mkwaju wa mwisho. /bidhaa na /bidhaa/ ni anwani mbili tofauti, hata kama macho yako yanaziona moja. Django, usipobadilisha mipangilio, ikikosa ya kwanza itamwelekeza mgeni kwenye ya pili kwa 301, yaani "imehamia huku moja kwa moja". Kwa GET hakuna neno. Kwa POST, kivinjari kikifuata 301 kwa kawaida hugeuza ombi kuwa GET na kuacha mzigo njiani: fomu imejazwa, imetumwa, kilichofika ni bahasha tupu. Vitabu vinasema chagua mtindo mmoja ushikamane nao. Sawa, lakini wanaokuita kutoka nje hawajasoma kitabu chako. Kuwaelekeza kimyakimya ni wema au ni kuficha ugonjwa? Kwa kurasa za watu naelekeza. Kwa API, yaani anwani zinazoitwa na programu nyingine, narudisha 404 wajirekebishe, na bado moyo hautulii.

Ukitaka kujua tovuti ina anwani zipi, funga FTP. Kwenye Laravel, fremuweki ya PHP, andika php artisan route:list, kwenye Rails bin/rails routes. Django haina amri yake yenyewe. Wengi huweka kifurushi cha nyongeza, django-extensions, wapate amri ya show_urls.

Ila picha, CSS na JavaScript mara nyingi bado ni faili halisi kwenye folda halisi, na Nginx, programu nyingine ya seva ya wavuti, huzitoa moja kwa moja bila kuuliza ruti yoyote. Hizo ukizifuta, zimefutika kweli.